JINA LA SHULE YETU KATIKA MTANDAO

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule, Korogwe)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya mtandao wa intaneti. Nilimjibu kwamba mada hiyo ni pana mno, na kwamba njaa ya mchana ingetukuta bado tuko kwenye utangulizi. Nikamwomba anikubalie jambo moja dogo tu, ambalo nalijua vizuri kwa sababu limewahi kunitia aibu. Jambo lenyewe ni jina. Jina la shule katika mtandao hupatikanaje, hutunzwaje, na hupoteaje?

Nitaanza na kupotea kwake, maana hapo ndipo nilipojifunza.

JINSI JINA LILIVYOPOTEA

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2013 tulichangishana fedha, tukaifungulia shule tovuti. Jina lilikuwa fupi na zuri, na liliishia na .com. Mimi nilikuwa mhazini msaidizi. Kwa kuwa nilikuwa na kadi ya benki iliyoweza kulipa ng'ambo, nililipia jina kwa kadi yangu, nikaliandikisha kwa jina langu na kwa anwani yangu ya barua pepe. Hakuna aliyeona kosa hapo. Katika mkutano wa mwaka ule mlinipigia makofi, nami nikayapokea.

Mwaka 2018 nilihamishwa kikazi. Nilibadili benki, kadi ya zamani ikaisha muda, na ile anwani ya barua pepe nikaacha kuifungua. Katika haraka ya kufungasha vyombo sikumkabidhi mtu yeyote chochote. Kazini nisingethubutu kuondoka kituoni bila hati ya makabidhiano. Lakini mali ya shule niliyoishika kwa mkono wangu niliiacha hivi hivi. Barua za kukumbusha malipo zilitumwa kama ilivyo desturi. Zikarundikana mahali pasipo na msomaji.

Januari 2020, mama mmoja wa Handeni, ambaye mwanawe alikuwa amechaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hapa, alichukua fomu ya maelekezo na kuiandika katika simu yake ile anwani iliyopigwa chapa juu ya fomu. Alitaka kuona orodha ya vifaa na sare. Badala yake alikuta matangazo ya kamari. Alimpigia simu Mkuu wa Shule wa wakati huo kumwuliza kama mahali anapotakiwa kumleta mtoto wake ni shule kweli, au ni mahali pa kuchezea pesa. Hakuwa anafanya mzaha.

Baadaye tukapata habari nyingine iliyoniuma zaidi. Mwenzetu mmoja anayefanya kazi ng'ambo alikuwa amekusanya vitabu vya sayansi kwa ajili ya maktaba yetu. Aliiandikia shule kwa ile barua pepe rasmi iliyofuata jina letu la zamani. Barua zake hazikufika. Akangoja wiki kadhaa, akadhani hatuna haja, vitabu vikaenda shule nyingine. Sina kinyongo na shule hiyo. Watoto wa huko nao ni watoto wetu. Lakini kila nikiingia maktaba hii naangalia rafu za Fizikia na Kemia, na ninajua kwa nini zina nafasi.

Ndugu zangu, kosa lile lilikuwa langu. Hata hivyo, nilipoanza kuulizauliza niligundua kwamba katika kamati nzima ya watu 9, wote wasomi, hakuna hata mmoja aliyejua jina la mtandao ni kitu gani hasa. Wengine walidhani tulikwisha kulinunua moja kwa moja. Wengine walidhani jina na tovuti ni kitu kimoja. Kwa hiyo naomba leo tujifunze pamoja, tangu mwanzo. Kuuliza si ujinga.

NAMBA NA JINA

Tovuti ni mafaili: maandishi, picha, na maagizo ya namna ya kuyapanga. Mafaili hayo hukaa ndani ya kompyuta iitwayo seva, inayowaka usiku na mchana ili kumhudumia kila anayebisha hodi. Kompyuta hizi hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Namba ya kawaida ina mafungu manne, kila fungu kuanzia 0 hadi 255. Kwa mfano 192.0.2.15. Jumla ya namba za namna hiyo ni kama bilioni 4.3, na kwa vile zimekuwa haba, ipo sasa namna nyingine ndefu zaidi.

Nani kati yetu anaweza kukumbuka namba kama hizo kwa kila mahali anapotaka kwenda? Mimi namba ya simu ya mke wangu naikuta kwenye simu. Ndiyo sababu yakabuniwa majina.

Hapo mwanzo, mtandao ulipokuwa mdogo na wa huko Marekani, majina yote yaliandikwa katika orodha moja. Orodha hiyo ilitunzwa na ofisi moja katika taasisi ya utafiti ya Stanford, jimbo la California, na kila kompyuta ilichukua nakala yake. Ukitaka jina, uliwasiliana na ofisi ile. Ilikuwa kama kijiji chenye karani mmoja mwenye daftari moja. Kompyuta zilipoongezeka karani akaelemewa. Mwaka 1983 mtaalamu mmoja aitwaye Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alieleza mfumo mpya: daftari ligawanywe, kila sehemu iwe na mtunzaji wake, na kila mtunzaji ajue tu aliye chini yake. Mfumo huo ndio tunaoutumia hadi leo.

Kila sehemu ya daftari kwa Kiswahili tunaiita kikoa, na jina linaloandikwa humo ni jina la kikoa. Wazee wa pwani wanalijua neno hili kwa maana nyingine. Kula kikoa ni kula kwa shirika: leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu akichangia zamu yake. Nitarudi kwenye neno hilo kabla sijakaa.

BAHASHA YA KOROGWE

Vijana mtanisamehe nikirudi nyuma kidogo. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 hatukuwa na simu mfukoni. Tulikuwa na bahasha. Mimi nilitoka Handeni, na barabara ya kuja Korogwe wakati huo ilikuwa ya vumbi. Ukishuka hapa stendi, rangi ya nguo zako haijulikani. Baada ya hapo, habari za nyumbani zilikuja kwa barua. Kiranja alikwenda Posta na begi, akarudi, na jioni mstarini akasoma majina. Asiyesomwa jina wiki tatu mfululizo alikuwa anahurumiwa.

Juu ya bahasha paliandikwa nini? Mstari wa kwanza jina la mwanafunzi. Wa pili jina la shule. Wa tatu S.L.P. na namba yake. Wa nne Korogwe. Kama barua imetoka nchi nyingine, mstari wa mwisho ni Tanzania. Sasa fikirini barua iliyotumwa kutoka London. Karani wa huko hamjui mwanafunzi, wala Korogwe haijui. Anasoma mstari wa mwisho tu: Tanzania. Anaitia katika gunia la Dar es Salaam. Karani wa Dar es Salaam anasoma mstari wa juu yake: Korogwe. Karani wa Korogwe anasoma namba ya sanduku. Kiranja anasoma jina. Kila mmoja amesoma mstari mmoja tu, kuanzia chini kwenda juu, na barua imefika.

Jina la mtandao husomwa vivyo hivyo, kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Tuchukue mfano wa jina shuleyetu.sc.tz. Yule mama wa Handeni anapoliandika katika simu yake, simu humwuliza karani wa kampuni ya simu: shuleyetu.sc.tz iko wapi? Karani huyu ni kompyuta. Kama halijui jina, huanza kuuliza kuanzia juu kabisa, mahali paitwapo mzizi. Mzizi una seva zenye majina 13, zinazotajwa kwa herufi kuanzia A hadi M, lakini nakala zake zimetawanywa mahali zaidi ya 1,000 duniani. Mzizi hauijui shule yetu. Unajua tu nani anashika daftari la .tz. Anayeshika daftari la .tz hutazama upande wa sc na kusema: habari za jina hilo ziko kwa seva fulani za majina, kaziulize. Seva hizo za majina ndizo zinazoijua namba ya seva yenye tovuti yetu. Namba ikishapatikana, simu ya mama inakwenda moja kwa moja. Maulizo yote hayo huchukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili.

Yako mambo mawili ya kuangalia hapa. La kwanza, karani wa kampuni ya simu akishapata jibu hulikumbuka kwa muda, pengine saa chache, pengine siku nzima, ili asisumbue watu kila mara. Ndiyo maana ukiihamisha tovuti kwenda seva nyingine, mtu wa Handeni ataiona mpya asubuhi, na wa Korogwe ataendelea kupelekwa kwenye ile ya zamani mpaka jioni. Msigombane, subirini.

La pili, seva za majina zina kumbukumbu zaidi ya moja. Kumbukumbu moja husema tovuti iko wapi. Nyingine husema barua pepe zipelekwe wapi. Kwa hiyo jina likipotea, hupotea vyote viwili. Ndivyo barua za yule mwenzetu zilivyokosa pa kufikia, ingawa hakukosea hata herufi moja.

HERUFI MBILI ZETU

Kila nchi imepewa herufi mbili, kufuata orodha ya kimataifa ya vifupisho vya majina ya nchi. Kenya ni .ke, Uganda ni .ug, nasi ni .tz, Bara na Visiwani. Herufi zetu ziliandikishwa katika daftari kuu la dunia mwaka 1995. Mwaka 2006 kilianzishwa kituo cha kusimamia majina ya .tz, kiitwacho kwa kifupi tzNIC, kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, na chama cha makampuni yanayotoa huduma za intaneti nchini. Ilipofika mwaka 2010 usimamizi wa .tz ulikuwa umekabidhiwa rasmi kwa kituo hicho, na daftari likawa mikononi mwa Watanzania hapa hapa nyumbani.

Ndani ya .tz kuna mafungu. Biashara hutumia co.tz. Vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu hutumia ac.tz. Mashirika yasiyo ya faida hutumia or.tz. Serikali hutumia go.tz. Shule za msingi na sekondari zimewekewa fungu lao, nalo ni sc.tz. Sisi mwaka 2013 hatukujua kwamba fungu hilo lipo. Tulikimbilia .com kwa sababu ndilo tulilozoea kuliona kwenye matangazo.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na hapa naomba nitoe mfano wa kazini. Halmashauri ya Wilaya ya Handeni ina tovuti yake chini ya go.tz. Halmashauri ya Mji wa Handeni inayo yake. Korogwe vilevile, Wilaya na Mji. Wakurugenzi huja na kuondoka. Maofisa huhamishwa, kama nilivyohamishwa mimi. Anwani haifungi mizigo ikaondoka na mtu, kwa sababu iliandikwa kwa jina la ofisi. Huo ndio moyo wa maneno yangu ya leo: jina liandikwe kwa jina la taasisi, lisiandikwe kwa jina la mtu, hata mtu huyo awe mwaminifu kiasi gani. Mimi nilikuwa mwaminifu, na jina likapotea.

TUNAPANGA, HATUNUNUI

Sanduku la posta halinunuliwi. Hukodiwa kwa mwaka. Usipolipa linafungwa, na baada ya muda anapewa mwingine, naye anafungua kwa ufunguo wake bila kukuibia. Jina la mtandao ni hivyo hivyo. Hulipiwa kwa mwaka mmoja, au kwa miaka kadhaa kwa pamoja, lakini siku ya mwisho ipo daima.

Watu watatu wanahusika. Wa kwanza ni mwenye daftari. Wa pili ni msajili, yaani kampuni iliyopewa idhini ya kupokea maombi na fedha za wateja na kuyapeleka kwa mwenye daftari. Wa tatu ni mwenye jina, ambaye ni yule aliyeandikwa katika daftari. Si yule aliyetoa wazo, wala si aliyechora tovuti, wala si chama kilichochanga. Ni aliyeandikwa. Katika daftari la jina letu la kwanza niliandikwa mimi, na shule haikutajwa popote.

Jina la .com lisipolipiwa halipotei siku hiyo hiyo. Kwanza kuna siku za neema, ambazo hutegemea msajili na zinaweza kufika 45. Kisha kuna siku 30 ambazo bado unaweza kulikomboa, lakini kwa faini. Kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Baada ya hapo liko wazi kwa mtu yeyote duniani. Na wako watu ambao kazi yao ni kukaa macho wakingoja majina ya namna hiyo. Hawajui Korogwe ni nini. Wanajua tu kwamba jina hili lina watu waliozoea kulitembelea, na mahali penye watu huwekwa matangazo. Mama yule alipopiga simu, hatua zote hizo zilikuwa zimepita muda mrefu. Aliyelichukua jina letu hakuvunja mlango. Aliukuta wazi.

NYUMBA YENYEWE

Nimesema jina na tovuti si kitu kimoja. Jina ni anwani. Nyumba ni ile seva inayotunza mafaili. Unaweza kuwa na jina bila nyumba, na watu watakaobisha watakuta kiwanja kitupu. Unaweza kuwa na nyumba bila jina, na hakuna atakayeipata. Vitu hivi viwili hulipiwa mbalimbali, hata kama kampuni moja inauza vyote, na tarehe zake zinaweza kutofautiana. Wengi wamelipa nyumba wakasahau jina.

Nyumba za mtandao zina daraja. Ya bei nafuu ni ile ya kupanga chumba. Mnaijua nyumba ya kupanga: vyumba 8, bomba moja, mita moja ya LUKU. Siku mpangaji mmoja akiwasha mashine ya kuchomelea vyuma, taa za wote zinafifia. Katika seva ya namna hiyo tovuti nyingi huishi pamoja, na moja ikipata wageni wengi mno, nyingine huenda polepole. Kwa shule kama yetu chumba kinatosha kabisa. Daraja la pili ni kama kupewa upande wako wa nyumba wenye mlango na mita yake. Daraja la tatu ni nyumba nzima, na hiyo ni ya mabenki na makampuni makubwa. Asije mtu akatuuzia nyumba nzima ili tubandike kalenda ya muhula.

Yako maswali matatu ya kumwuliza mwenye nyumba kabla ya kulipa. Je, anachukua nakala ya akiba ya mafaili yetu, na mara ngapi? Je, anatuwekea cheti cha usalama, kile kinachofanya mazungumzo ya msomaji na tovuti yafungwe yasisomwe njiani? Tangu mwaka 2015 vyeti vya namna hiyo hutolewa hata bure na taasisi iitwayo Let's Encrypt, basi tusikubali kudanganywa kwamba ni anasa. Na swali la tatu: seva iko wapi?

Swali hili la tatu lina uzito. Mawasiliano yetu na dunia hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu huko kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizopata taabu kubwa. Siku kama hiyo, tovuti ya shule ya Korogwe iliyowekwa Ulaya au Marekani huwa mbali kweli kweli na mzazi wa Handeni. Makampuni ya intaneti ya hapa nchini yana mahali pa kukutania Dar es Salaam, ambapo mawasiliano ya ndani hubadilishwa bila kuvuka bahari. Tovuti iliyowekwa nchini ina nafasi nzuri zaidi ya kufikika waya zinapokatika. Sisemi kwamba cha nje ni kibaya. Nasema wasomaji wetu wako wapi? Wako Handeni, Korogwe, Kilindi, Lushoto na Tanga mjini. Nyumba iwe karibu na wageni wake.

TUFANYE NINI

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafikia jambo linalohitaji uamuzi wa mkutano huu.

Aliyeshika jina letu la zamani ameandikiwa, naye amejibu. Anataka dola 900. Nimesikia kwamba baadhi ya wanachama wanataka tuchange tulikomboe, kwa sababu ya mapenzi yetu kwa jina lile na kwa sababu ya aibu ya yale matangazo. Naelewa uchungu wao, na katika ukumbi huu hakuna mwenye aibu kuliko mimi. Lakini napinga. Ada ya mwaka ya jina la kawaida ni kama dola 10 hadi 20. Kwa fedha anazotaka mtu yule, shule ingelipia jina jipya kwa miongo kadhaa. Isitoshe, tukimlipa tutakuwa tumemfundisha kwamba kazi yake ina faida, na kesho atangoja jina la shule nyingine.

Badala yake napendekeza mambo matano.

Kwanza, shule iombe jina chini ya sc.tz kupitia kwa msajili aliyeidhinishwa, na katika nafasi ya mwenye jina iandikwe shule yenyewe.

Pili, anwani ya barua pepe ya kupokea mawaidha ya malipo iwe ya ofisi, isiwe ya mtu, na isiwe chini ya jina lile lile linaloandikishwa. Jina likikwama, barua ya kukumbusha nayo itakwama humo humo.

Tatu, maneno ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kuwekwa katika kasha la chuma la Mkuu wa Shule. Yawemo pia katika hati ya makabidhiano kila Mkuu wa Shule anapobadilishwa, kama zilivyo funguo za stoo na hati ya kiwanja.

Nne, Chama kilipie jina kwa miaka kadhaa kwa mkupuo, na tarehe ya kuisha isomwe kwa sauti katika kila mkutano wa mwaka, kabla ya taarifa ya fedha. Watu wakiisikia kila mwaka hawataisahau.

Tano, mara moja kila muhula nakala ya tovuti nzima ichukuliwe na kuwekwa hapa shuleni.

Niko tayari kutoa ada ya miaka ya kwanza. Lakini safari hii sitalipa kwa kadi yangu. Nitampa Mhazini fedha mkononi, naye atanipa stakabadhi.

KWA VIJANA

Vijana, msidhani haya ni mambo ya wazee wanaojutia makosa yao. Kazi hii itakuwa yenu. Mkiingia katika chumba cha kompyuta, fungueni dirisha la kuandikia amri, andikeni neno nslookup, acheni nafasi, kisha andikeni jina la tovuti yoyote mnayoijua. Mtaletewa namba yake. Mtakuwa mmemwona karani kazini kwa macho yenu. Jaribuni jina la Halmashauri ya Handeni, kisha la Korogwe, kisha la chuo kikuu mnachotamani kwenda. Jiulizeni kila mara: jina hili limeandikwa kwa nani, na siku akiondoka ufunguo utabaki kwa nani? Mkifungua duka, ushirika au gazeti, swali hilo litawaokoa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa katika Kidato cha Pili niliiandika methali hiyo ubaoni, mwalimu akanipa alama zote kwa kuieleza vizuri. Ilinichukua zaidi ya miaka 20 kuielewa.

Nilisema nitarudi kwenye neno kikoa. Katika kikoa cha kula, chungu ni cha wote na zamu ni ya kila mmoja. Akitokea mtu akakibeba chungu kwenda nacho kwake, hata kwa nia njema ya kukiosha, siku atakayohama wenzake watalala njaa. Mimi nilikibeba chungu. Leo nakirudisha, ingawa ni kipya na si kile cha zamani, na naomba mbele ya mkutano huu kwamba kisibebwe tena na mtu mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.